Uzi Mwekundu wa Watu wa Nyumbani

Mtaani walimwita Mama Pasi, na aliyewahi kulijua jina lake jingine alikwisha kuhama zamani. Alikuwa dobi. Si dobi wa mashine zinazonguruma kama lori bovu, hapana. Dobi wa karai, sabuni ya mche na mgongo wake mwenyewe. Uani kwake palikuwa na kamba za kuanikia zilizovutwa kutoka ukutani hadi nguzo ya choo, na chumba cha mbele kilijaa meza ya kupigia pasi, yenye blanketi lililoungua kona moja siku aliyosinzia kazini. Kisa hicho alikuwa akikisimulia mwenyewe kabla mteja hajapata nafasi ya kumcheka.

Kusoma hakujua sana, lakini nguo ya mtu hakuwahi kuipoteza, hata soksi. Kila mteja alimpa rangi yake ya uzi, akaushona ndani ya kola au kwenye pindo, mishono michache tu ambayo mwenye nguo haioni mpaka aitafute. Karani wa mahakama, kijani. Mwenye duka la dawa, bluu. Mwalimu mstaafu ambaye mashati yake yote yalikuwa meupe na yote yalikuwa yamechoka, njano. Watu wa nyumbani kwake mwenyewe aliwapa uzi mwekundu: yeye, mwanawe, mkamwana na wajukuu, kwa kuwa damu ni moja na karai ni moja. Vitu vidogo alivikunja ndani ya vikubwa vya uzi uleule, soksi ndani ya suruali, leso ndani ya shati, visije vikapotea njiani. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake, hata mikono ikawa haimuulizi tena.

Sasa, dobi ana balaa moja: huijua nyumba ya mtu kabla majirani hawajaanza umbeya. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi magari, na tangu utotoni aliitwa Bingwa kwa sababu hakukubali kushindwa hata kwenye gololi. Kila wiki alileta furushi la nguo za nyumba yake, na Mama Pasi akaanza kuona damu. Kwanza kwenye foronya. Akasema moyoni, puani hiyo. Kisha kwenye kola ya gauni la mkamwana. Akasema, labda jino. Halafu zikaanza kuja shuka za mjukuu wake wa kike, mtoto wa shule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani miaka mingi, sasa zinanuka mkojo kila wiki. Hapo hakusema kitu hata moyoni. Aliloweka kwa maji baridi na chumvi, maana maji ya moto huigandisha damu, akasugua, akapiga pasi, akarudisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo aliijua vizuri sana, alikuwa akiwaambia wenzake.

Siku ya siku aliamua kulipeleka furushi mwenyewe. Mlango ulikuwa umeegeshwa, akausukuma. Bingwa alikuwa amembana mkewe ukutani, mkono kooni. Kitoto kichanga kilikuwa kitandani kinalia mpaka sauti imekauka. Mjukuu mkubwa, yule waliyemwita Kijino kwa pengo la mbele, alikuwa chini ya meza ameziba masikio. Bingwa aligeuka akamwona mama yake, na kilichomtisha Mama Pasi maisha yake yote yaliyobaki si ule mkono. Ni kwamba mwanawe alitabasamu.

"Karibu, mama," alisema. "Kaa. Namalizia."

Mama Pasi alidondosha furushi akapiga ukelele ambao hakujua kama anao. Watu walijaa. Jioni hiyohiyo mkamwana aliondoka na watoto wake, akaenda kwa watu wa ustawi wa jamii, na watu wa ustawi wakampeleka mahakama ya familia.

Siku ya kusikilizwa, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, madawati yamepakwa rangi mpya inayonata ukikaa sana. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, asiyekurupuka. Alimwuliza Mama Pasi kama amekuja kuwa shahidi wa upande gani.

"Wa watoto, mheshimiwa."

"Unamfahamu mjibu maombi?"

"Nimemzaa."

Hakuna aliyecheka. Akasema aliyoyaona, na aliyoyafua pia. Alipofika kwenye foronya, mkamwana aliinamisha kichwa akalia kimyakimya, na Mama Pasi akaona aibu ambayo sabuni haiitoi. Alijua, na mwenziwe sasa alijua kwamba alijua.

Hakimu alitoa amri ya zuio na kuieleza polepole, kwa lugha ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bingwa asimkaribie mkewe wala watoto. Asikanyage wanapolala, anapofanya kazi mama yao, wala shule anayosoma mtoto. Asipige simu, asiandike, asimtume mtu. Nakala itakwenda polisi na shuleni, na mahali wanapohamia hatatajiwa. Akivunja hata moja, anakamatwa bila mjadala. Kisha akamgeukia Mama Pasi.

"Na wewe, mama, watoto ni wajukuu zako, hakuna anayekukataza kuwaona. Ila usiwe daraja lake. Hata salamu usibebe. Unanielewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Mdomo wangu nitaushona."

Nje, kwenye ngazi, Bingwa alimsubiri. Hakufoka. Alisema, "Leo umenishinda, mama," akaenda zake. Mama Pasi alirudi nyumbani amefurahi kwa mkamwana na ameumia kwa mwanawe, na hakujua amweke wapi mmoja ili apate kumlilia mwingine.

Mkamwana alipata kazi katika tanuri la mikate upande mwingine wa mji, akapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Maji yalikuwa ya foleni na pa kuanika hapakuwepo. Basi kila Ijumaa Mama Pasi alikwenda na nguo safi za watoto akarudi na chafu. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mkamwana alikuwa akicheka. Unga ulimganda kwenye nyusi, akawa anamwambia Kijino kwamba amezeeka ghafla. Shuka za Kijino zilikuwa kavu. Mama Pasi alizinusa moja moja kabla ya kuzifunga, na hakuna manukato yaliyowahi kumpendeza namna ile. Ile karatasi ya hakimu, aliyokuwa ameiona nyepesi mno kumzuia mwanaume mwenye mikono ya kufungua injini, ilikuwa kweli imezuia.

Bingwa naye hakuacha kuleta ovaroli zake. Grisi yake hakuna mwingine aliyeiweza, na mama ni mama. Mama Pasi alikuwa amemwuliza karani wa mahakama, wakati anamkabidhi mashati yake ya uzi wa kijani, kama kufua ni kosa.

"Kufua si kosa, mama," karani alisema. "Kosa ni kuongea."

Basi hakuongea. Bingwa alikaa kwenye kigoda akauliza, "Hawajambo?" Mama Pasi akafunga mdomo hata kwa hilo dogo, akawasha pasi. Nguo za watoto alizianika ndani, chumba cha kulala, dirisha limefungwa. Sweta mpya ya Kijino, yenye nembo ya shule kifuani na jina la shule limedariziwa chini yake, aliificha hata kabla ya kuifua. Kila tundu alikuwa ameliziba.

Mkamwana ndiye aliyeuona uzi. Ijumaa moja aligeuza kola ya sweta hiyo, akaona mishono myekundu.

"Mama, na zake bado unazitia uzi huuhuu?"

"Zake nani?"

"Mama."

Mama Pasi alijifanya anatafuta kiatu cha kitoto. "Uzi mwekundu ni wa watu wa nyumbani," alisema mwishowe. "Nikimbadilishia rangi nitakuwa nimemwambia si mwanangu. Hakimu hakuniagiza hilo."

Mkamwana hakubishana. Huyo alikuwa binti wa watu mwenye adabu zake, na mama mkwe aliyekwenda kusema kweli mbele ya hakimu humsuti kwa sababu ya uzi. Laiti angemsuta!

Alhamisi iliyofuata ilinyesha mvua ya ghafla, mchana, jua likiwa bado linawaka. Mama Pasi alikimbia uani akakumbatia nguo zote za kamba kwa mkupuo, akazitupa juu ya meza. Za watoto alizitoa chumbani nazo, maana paa lilikuwa limeanza kuvuja humo. Akaanza kupiga pasi na kukunja. Mawazo yake hayakuwa pale. Wiki iliyopita Kijino alikuwa anakohoa, na Mama Pasi alikuwa akijiuliza kama mama yake amempa dawa au amemwachia Mungu. Mikono ilikunja yenyewe. Kijani kwa kijani. Njano kwa njano. Uzi mwekundu, kitu kikubwa: ovaroli. Uzi mwekundu, kitu kidogo: soksi mbili, ndani. Uzi mwekundu, kitu kidogo: ndani. Akakunja, akafunga kamba, akaweka upande wa Bingwa. Jioni Bingwa alikuja akachukua furushi lake, akasema asante.

Ijumaa, mkamwana alikuwa anapanga nguo kitandani akasimama. "Sweta ya Kijino iko wapi?"

Mama Pasi alifungua mdomo aseme imebaki nyumbani. Kabla hajasema, mikono yake ilikumbuka. Aliikumbuka sweta ikipita viganjani, ile sufu nene, na ule mzunguko wa kuikunja ndani ya kifua cha ovaroli. Akakaa juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha.

Angeweza kusema uongo. Tusimpambe, alilifikiria. Angesema imeibwa kambani, mkamwana angelalamika kidogo, angenunua nyingine, na bibi angeendelea kuja kila Ijumaa kushikwa shingo na kile kitoto. Alimtazama Kijino, ambaye alikuwa sakafuni akimfundisha mdogo wake kupiga makofi.

"Nimempa," alisema. "Imo kwenye nguo zake. Mikono yangu, mwanangu. Mikono yangu imempa."

Mkamwana hakupiga kelele. Alikwenda kufunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, kisha akachukua simu. Alimpigia afisa wa ustawi wa jamii. Alimpigia mwalimu mkuu. Wakati anaongea, simu ya Mama Pasi nayo ikaita, na aliyepiga alikuwa Bingwa. Aliipokea kwa kuwa alitumaini, kijinga kabisa, kwamba ataambiwa sweta haijaonekana.

"Mama," Bingwa alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyoisikia kwa muda mrefu. "Nimepata salamu zako."

"Salamu gani? Sikukutumia salamu!"

"Usijali, simwambii mtu. Nilijua tu. Damu nzito kuliko maji."

"Bingwa, ni makosa! Nilikosea kukunja!"

"Wewe?" Alicheka, kicheko cha mtoto aliyepewa peremende kwa siri. "Wewe hujawahi kukosea nguo ya mtu."

Akakata. Mama Pasi alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Jumatatu Bingwa alisimama kwenye geti la shule, amenyoa, amevaa shati ambalo mama yake alikuwa amelipiga pasi, na sweta mkononi. Alimwambia bawabu kwamba amemletea mwanawe nguo, mtoto asije akapata baridi. Bawabu, mzee mmoja asiye na haraka, alikuwa ameshaonyeshwa picha yake asubuhi hiyo. Alimwambia asubiri kidogo akamwite mwalimu, akafunga geti kwa kufuli akiwa upande wa ndani, na mwalimu mkuu akapiga simu polisi. Bingwa alipogundua, alianza kulitikisa geti na kuliita jina la mtoto, jina kamili, mara nyingi. Polisi walikuja wakamkuta bado analitikisa. Hakuingia, hakumgusa mtu. Amri ilifanya kazi yake, na kama isingekuwepo, bawabu angempokea kwa heshima zote, maana ni baba amebeba sweta ya mwanawe.

Lakini geti halizibi sauti. Walimu walimkuta Kijino chini ya dawati ameziba masikio, na sketi imelowa.

Walirudi mbele ya hakimu yuleyule. Bingwa alipewa kifungo cha miezi michache kwa kuvunja amri, na amri ikaongezewa muda. Mkamwana na watoto walitakiwa kuhama tena, safari hii mbali zaidi, shule nyingine. Mama Pasi aliomba kusema, akasimama, akaeleza habari ya uzi tangu mwanzo. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama, mahakama haikulaumu," alisema. "Haya mambo hutokea."

Ingekuwa afadhali amlaumu. Mtu akikulaumu unapata pa kujibia. Mama Pasi alikaa pale, mikono yake mapajani, akaitazama kama ya mtu mwingine. Mikono iliyomwogesha Bingwa, iliyomfundisha kutembea, iliyofuta damu ya mkewe ili isionekane, na sasa hii. Hakujua aifanye nini. Haikatwi.

Ukumbini, kwenye benchi, mkamwana alikaa karibu naye. Kitoto kilikuwa kimelala begani. Kijino alikuwa ameshikilia sketi ya mama yake na hakutaka kuiachia hata kumsalimu bibi.

"Mama," mkamwana alianza, "tutakapokwenda, kuna..."

"Usiniambie."

"Wewe ni bibi yao. Nitakuambia wewe tu. Hakimu hajakataza."

"Mwanangu, nisikilize." Mama Pasi alimshika kiganja, kikiwa bado na ukavu wa unga. "Mdomo wangu niliushona, na nikamwambia. Ninachokijua mimi, mwili wangu wote unakijua, na yeye ametoka kwenye mwili huu. Atakisoma tu. Usiniambie. Hata nikikupigia simu nalia, nikikuambia nakufa, usiniambie."

"Mama, watakusahau."

"Najua."

Walikaa hivyo mpaka afisa wa ustawi alipokuja na funguo za gari. Mama Pasi alimwinamia Kijino akamwambia anywe dawa ya kikohozi. Kijino aliitikia kwa kichwa. Kisha wakatoka mlango wa nyuma, na yeye, kama alivyokuwa ameomba mwenyewe, akabaki amekaa ameuangalia ukuta, asije akaona gari limeelekea upande gani.

Bingwa alitoka kabla ya msimu wa mvua kwisha. Alikuja moja kwa moja kwa mama yake na furushi, akakaa kwenye kigoda kilekile. Alikuwa amekonda. Mama Pasi alimpa chakula, maana angefanyaje? Alikula, akanawa, akauliza.

"Wako wapi?"

"Sijui."

"Mama."

"Sijui, baba. Wallahi sijui."

Bingwa alimtazama usoni muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama utotoni ili ajue ameficha sukari wapi. Akasimama, akaondoka bila kuaga. Baada ya wiki alirudi kuchukua nguo zake, na hapohapo uani akalifungua furushi. Alizikunjua ovaroli moja moja, akaziweka chini kwenye tope, akaingiza mkono kwenye kila mfuko, kila mguu, kila mkono. Alizigeuza soksi. Alikuwa anatafuta salamu. Mama Pasi alisimama mlangoni na pasi ya moto mkononi, akitazama kazi yake ya siku nzima ikilowa, na hakusema acha.

Mwishowe Bingwa alifika kwenye kola. Aligeuza shati, akasita.

"Huu uzi gani?"

Ulikuwa mweusi.

"Wa mteja," Mama Pasi alisema.

Bingwa alilishika lile shati kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu zile gololi alionekana kama mtu aliyeshindwa kweli. Mama Pasi alitaka kumkimbilia. Roho yake yote ilitaka. Badala yake aliirudisha pasi juu ya kigae chake, akaenda kuziokota zile nguo kwenye tope, akazitia karaini upya, na alipoinuka Bingwa alikuwa ameshakwenda.

Siku hiyo jioni alianika. Kijani, bluu, njano, nyeusi. Nguo za uzi mwekundu zilikuwa gauni mbili na kitambaa kimoja cha kichwa, na zote zilikuwa zake.